Maji ya Kale

Alhamisi, 5 Oktoba 1882

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijapumua. Mwalimu Ord anasema mtu anayetaka kutunga mashairi sharti aandike kila siku, awe na la kusema au asiwe nalo. Haya, daftari ninalo, visingizio vimekwisha.

Mimi ni Cuthbert Thirlwell, miaka thelathini na minne, mchimba makaa katika mgodi wa Wetherlaw, hapa Durham, kaskazini mwa Uingereza. Baba alikuwa mchimbaji, babu vilevile. Kifua changu kimeanza kupiga filimbi kila nikipanda kilima cha kanisa, na mke wangu Dinah huisikia filimbi hiyo kuliko mimi.

Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni tunakutana shuleni, wanaume kumi na wawili tulionawa mpaka shingoni tu, tunasoma na Mwalimu Ord washairi wa kale wa Uingereza. Vitabu alivinunua meneja wetu, Bwana Craster. Alikuwa kapteni jeshini, akarudi kutoka vitani na vidole vitatu kwenye mkono wa kushoto. Akisoma shairi la vita sauti yake hutetemeka. Si maigizo. Ninamwamini.

Leo tumesoma la askari mzee aliyeachwa alinde lango wakati wenzake wanakimbilia ndani. Akalifunga lango, yeye mwenyewe akabaki upande wa nje. Darasa zima lilinyamaza isipokuwa Septimus Laidler, mwenzangu wa kazi tunayemwita Sep, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

"Huyo wa langoni alikuwa na mke?" akauliza.

"Shairi halisemi," Mwalimu Ord akajibu.

"Basi hakuwa naye. Mwenye mke angeingia ndani kwanza kuomba ruhusa."

Tulicheka, hata Bwana Craster. Kisha akatangaza: Krismasi atasikiliza mashairi yetu wenyewe juu ya ushujaa, na mtunzi bora atapewa kazi ya karani wa mizani, kwa kuwa mzee aliyepo anastaafu. Kazi ya juu, kwenye jua. Nimemwambia Dinah. Alikiweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi, akaniangalia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mvua. Magoti yanauma.

Alhamisi, 12 Oktoba

Darasani leo ilikuwa zamu ya mada ya heshima. Shairi la mtu aliyeapa kwa mfalme wake kuulinda mnara. Mfalme akamsahau, naye akafia hukohuko kwa sababu hakuna aliyekuja kumwambia vita vilikwisha miaka mitatu nyuma. Lugha yake tamu mno, nilitamani ningeyatunga mimi maneno yale.

Mwalimu Ord akauliza, "Kwa mshairi huyu, heshima ni kitu anachopewa mtu na watu, au ni kile anachobaki nacho pasipokuwa na wa kumwona?"

Bwana Craster akajibu badala yetu. "Ni kutimiza amri bila kuuliza amri imetoka wapi."

Mwalimu alifunga kitabu polepole. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mtoto wa mchungaji, na akifunga kitabu namna ile ujue hakuridhika.

Jumanne, 17 Oktoba

Leo Elias Pratt ameacha kazi, na ameiacha mbele ya watu.

Tunachimba upande wa Mashariki, mimi na Sep bega kwa bega, Elias chumba cha pili. Ni mtu mpole wa miaka arobaini, anaishi peke yake katika kibanda cha marehemu mama yake kando ya msitu wa Hagg. Asubuhi, saa nne hivi, akatuita. Maji yalikuwa yanatoka kama jasho kwenye uso wa makaa, ule ukuta tunaouchimba. Akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Onjeni," akasema.

"Mimi nimekunywa chai," Sep akajibu.

"Hii si mvua. Maji ya mvua hayana ladha. Haya yameoza. Haya ni maji ya kale, yametoka mgodi wa Hagg."

Mgodi wa Hagg ulifungwa miaka arobaini iliyopita, ukajaa maji mpaka mdomoni. Kila mtu anajua. Lakini ramani ya kampuni inaonyesha ukuta wa makaa wa yadi arobaini kati ya Hagg na sisi, na yadi arobaini hata bahari haipiti.

"Ramani ni uongo," Elias akasema. Alikuwa ameishika taa kwa mikono miwili. "Baba yangu alichimba Hagg. Mwaka wa mwisho waliiba makaa ya ukuta, hawakuonyesha kwenye ramani. Aliniambia mwenyewe. Jamani, tutokeni."

Msimamizi wa zamu akaja, akamwambia arudi kazini au apande juu akamweleze meneja. Akapanda. Tuliporudi juu saa tisa alikuwa bado amesimama uani kwenye mvua, na Bwana Craster mbele yake.

"Nakuuliza mara ya mwisho, Pratt. Kesho utashuka?"

"Hapana, bwana."

"Wenzako mia tatu wanashuka."

"Najua, bwana. Wasishuke."

"Unaogopa."

"Ndiyo, bwana," Elias akasema. "Naogopa sana."

Alisema hivyo mbele ya zamu mbili nzima. Sijawahi kumsikia mwanamume akisema neno hilo bila kulivisha nguo. Watu walianza kucheka, na mimi nilicheka pamoja nao.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimetunga ubeti mmoja wakati wa kula, kwa utani tu. Sep aliuimba kwenye kizimba, kile cha chuma kinachotushusha na kutupandisha mgodini, tulipokuwa tunapanda juu:

*Maji yamo kikombeni,*
*Elias yuko mbioni;*
*Wenzake wako shimoni,*
*Yeye yumo blanketini.*

Kizimba kizima kilipasuka kwa kicheko. Wakaniita mshairi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Ubeti wangu umefika kila mahali. Wanaume wanauimba baa, watoto wanaurukia kamba. Mtu amemwaga manyoya ya kuku, alama ya mwoga, mlangoni kwa Elias.

Dinah alinipakulia viazi, akaketi mbele yangu bila kula.

"Wewe ndiye uliyeutunga?"

"Ni mzaha tu, Dinah."

"Nimepita pale leo. Anaokota manyoya moja moja, anatia kwenye ndoo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, Cuthbert. Mimi nimezika baba na kaka wawili. Mashujaa wote watatu. Wewe kama unataka kunichekesha, rudi nyumbani kila siku."

Viazi vilipoa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Bahati. Washairi wa kale wanamchora kama mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, anazungusha gurudumu. Aliyekuwa juu hushuka, wa chini hupanda. Bwana Craster anasema humpenda anayethubutu. Mwalimu Ord akasema, "Inategemea ni nani aliyeshika gurudumu, Bwana Craster. Washairi wengine wanasema ni mwanamke kipofu. Mimi ninapotazama vizuri naona mara nyingi ni mtu mwenye macho mawili."

Aliyekuwa kapteni akatabasamu kwa adabu. Mvua ilikuwa inapiga madirisha kama kokoto.

Ijumaa, 3 Novemba

Leo nimeinusa harufu ya maji yale.

Kama yai lililosahauliwa kabatini. Ilikuja, ikapotea. Nilimtazama Sep, Sep akatazama sururu yake.

"Umesikia harufu?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Ni soksi zako."

Lakini hakucheka, na baada ya hapo alichimba saa nzima bila kusema kitu. Kwa Sep, saa nzima ni msiba.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Harufu. Maji yanatiririka sasa, unene wa uzi wa viatu.

Jumatano, 8 Novemba

Unene wa kidole. Msimamizi anasema ni mvua. Wote tunasema ni mvua. Tunasema kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Nataka kuyaandika haya kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Baada ya zamu nilikwenda ofisini kwa Bwana Craster, peke yangu. Nilivua kofia. Nikamwambia maji ya Mashariki yana harufu, na rangi yake imekuwa ya kutu, na yameongezeka kutoka uzi hadi kidole kwa siku moja. Nilimwambia inawezekana Elias Pratt hakukosea.

Hakukasirika. Alitandaza ramani mezani, akaniita upande wake kama mtu anayemwita rafiki.

"Tazama. Yadi arobaini. Hii ilipimwa na watu waliosomea kupima."

"Baba yake Elias alisema waliiba ukuta, bwana."

"Mlevi mmoja aliyekufa zamani." Akaweka mkono wake wa vidole vitatu begani mwangu. "Thirlwell, vitani niliona jambo moja. Hofu ni kama moto wa nyasi. Mtu mmoja akikimbia, kikosi kizima kinakimbia, na wanaokufa wengi hufa wakikimbia. Nikifunga Mashariki leo, nitawanyima watu themanini kazi mpaka majira ya kuchipua. Watoto wao watakula nini? Yadi arobaini?"

Ilikuwa hoja nzuri. Bado ni nzuri nikiiandika.

Halafu akafungua droo, akatoa karatasi. Ilikuwa shairi langu la mlinzi wa taa, lile nililompelekea wiki iliyopita.

"Nimelisoma mara tatu. Sioni haja ya kungoja Krismasi. Mzee wa mizani anataka kuondoka mapema. Tarehe ishirini utaanza juu." Akaifunga droo. "Haya uliyoniambia, uliyaandika kwenye kitabu cha taarifa?"

"Bado, bwana."

"Basi usiwatie watu moto wa nyasi. Wino wako uutunzie mashairi."

Nikasema, "Asante, bwana." Nimekumbuka njia nzima kwamba nilisema asante.

Dinah alilia kwa furaha. Alinikumbatia na unga mikononi, akaniacha alama nyeupe mbili mgongoni. Sikumwambia lile jingine.

Jumatatu, 20 Novemba

Kazi mpya. Meza, kalamu, dirisha. Kila kigari cha makaa kinapita mbele yangu napima uzito. Nafasi yangu pale kwa Sep amepewa Robert Tully, miaka ishirini na miwili, ameoa Agosti. Alikuja kunishukuru.

"Mwenye kuchimba na Sep hulipwa vizuri, na anacheka bure," akasema. "Kuna la kujua pale mahali, kaka?"

"Linda kichwa upande wa kushoto," nikamwambia. "Mwamba umeinama."

Hilo ndilo nililomwambia.

Alhamisi, 23 Novemba

Darasani nimepigiwa makofi. Sep hakuja. Mvua.

Jumamosi, 25 Novemba

Huku juu hakuna harufu yoyote.

Jumanne, 28 Novemba

Saa nne na dakika kumi asubuhi upepo ulitoka kwenye mdomo wa mgodi. Si mlipuko. Upepo tu, baridi, wenye harufu ile. Karatasi zote za mezani kwangu ziliruka. Nilijua maji ya Hagg yameingia, kabla kengele haijalia.

Wa Kaskazini na Kusini walipanda wakikimbia, wamelowa mpaka kiunoni. Watu wa Mashariki wengi nao waliwahi. Saa sita tukahesabu. Kumi na mmoja hawapo. Laidler, Septimus. Tully, Robert. Sitaandika wote leo.

Bwana Craster alishuka na kizimba cha kwanza. Maji yalimfika kifuani, wakamvuta nyuma, akashuka tena. Ningekuwa nimeandika jana ningesema mtu yule ni mwoga wa ukweli. Leo nimemwona akiingia mara nne kwenye maji yanayotoa mapovu, na mara ya nne alitolewa akiwa hajitambui. Ni shujaa. Hilo ndilo linalonichanganya akili.

Wanawake wamesimama uani. Ellen Tully, mkewe Robert, ameshika sufuria. Alitoka mbio nayo jikoni, hajui anayo.

Pampu hazifui dafu. Saa tisa mhandisi alisema itachukua majuma mawili. Hakuna anayeishi majuma mawili.

Nikakimbia kwenda msitu wa Hagg.

Elias alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa amekwisha sikia kengele. Nilianza kusema samahani, akanikata.

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akachukua chaki, akasukuma vyombo vikaanguka chini, akaanza kuchora juu ya meza. Chaki ilivunjika, akaendelea na kipande.

"Sikiliza. Maji ya Hagg yamehamia kwenu. Maana yake Hagg sasa pako wazi. Umenielewa? Hapa nyuma ya msitu kuna mlango wa zamani wa kutembea kwa mteremko, wameuziba kwa mawe. Fungueni. Shukeni hivi, njia ya pili kushoto. Si ya kwanza, ya kwanza ina gesi, iliua farasi. Ya pili itawafikisha mahali ukuta ulipopasuka. Watu wa Mashariki wenye akili watakuwa wamepanda chumba cha juu kabisa, hapa. Hewa itakuwa imenaswa hapo."

"Njoo utuongoze."

Alinitazama. Sijawahi kuona uso kama ule.

"Siwezi," akasema. "Nimejaribu. Tangu kengele ilie nimefika kwenye ule mlango mara mbili. Miguu inakataa. Chukueni meza."

Tukaichukua meza.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimelala saa kumi na nne. Naandika.

Tulikuwa watano. Mawe yalituchukua mpaka Jumatano asubuhi. Njia ya pili kushoto, kama alivyochora. Mihimili yake ilikuwa laini kama mkate uliolowa. Mchana wake mshumaa ulififia mara moja kwa hewa mbaya, tukarudi nyuma, tukangoja, tukaenda tena. Sikuhisi ushujaa wowote. Katika mashairi yote tuliyosoma hakuna mtu anayehesabu hatua za kurudi mlangoni, na mimi sikuhesabu jingine.

Tulipogonga mwamba kwa nyundo, wakatujibu. Mara tano. Kisha sauti, mbali, kama ya mtu aliye ndani ya pipa: "Kama ni mkusanya kodi, hatupo!"

Sep.

Tuliwatoa saba wakiwa hai jana adhuhuri. Wanne maji yaliwachukua dakika ya kwanza, waliokuwa usoni kabisa mwa makaa. Robert Tully alikuwa pale nilipokuwa nikisimama mimi kwa miaka tisa. Sep alikuwa amerudi nyuma kuchukua mbao, basi, hatua ishirini.

Hakuna aliyethubutu zaidi wala kidogo. Hatua ishirini.

Jumapili, 3 Desemba

Tumewazika wanne. Mvua imekoma, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika.

Baada ya mazishi nilikwenda kumtazama Sep. Amelala, miguu imevimba, uso kama nta. Alimwambia mkewe atupishe.

"Tully aliisikia harufu siku ya kwanza," akasema. "Akaniuliza. Nikamwambia ni soksi zangu."

Sikuweza kumtazama.

"Na wewe ulimwambia nini, mshairi? Ulipomwachia nafasi?"

"Nilimwambia alinde kichwa."

"Mimi ni mjinga, nilifanya mzaha kwa sababu niliogopa kuitwa Elias. Sawa. Lakini wewe ulikwenda ofisini. Mkeo alimwambia mke wangu ulikwenda ofisini Ijumaa ile, ukarudi na kazi." Akajiinua kwa kiwiko. "Ulikwenda kusema nini, Cuthbert?"

Nikamwambia yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageukia ukuta. "Toka," akasema, bila hasira, kama mtu aliyechoka. "Toka, nipate usingizi."

Jumatano, 6 Desemba

Bwana Craster amekuja nyumbani. Hajawahi kuingia nyumba ya mchimbaji. Anakohoa, anatembelea fimbo. Dinah akampa kiti, akaenda jikoni, na mlango akauacha wazi.

Uchunguzi wa vifo ni Jumatatu. Gazeti la Newcastle linataka shairi. Anataka nilitunge mimi, lisomwe mbele ya watu kabla ya kikao.

"Ushujaa wao, na mkono wa majaaliwa," akasema. "Hakuna aliyeweza kujua. Hilo litawafariji wajane kuliko chochote."

"Bwana, mimi nilikuambia."

"Uliniambia juu ya harufu." Alizungumza chini chini. Naamini hakuja kunitisha; alikuja kuomba. "Ramani ilisema arobaini. Niliiamini ramani. Nilikwenda kwenye yale maji mara nne, Thirlwell, ungependa nifanye nini zaidi?"

Nilimwonea huruma. Nikamjibu jambo ambalo sikujua nitalisema. "Ningependa usingeingia hata mara moja, bwana. Ningependa ungeogopa tarehe kumi."

Aliinuka. Mlangoni akageuka. "Nyumba hii ni ya kampuni," akasema, na uso ukamwiva. Nadhani aliona haya kwa neno hilo. Lakini hakulirudisha.

Dinah akatoka jikoni. "Tarehe kumi?" akauliza.

Ikabidi nimwambie. Alikaa kwenye kiti kilekile. Alisema, "Na mimi nikakukumbatia," kisha akarudi jikoni, akaufunga mlango.

Ijumaa, 8 Desemba

Nilikwenda kwa Elias kuomba radhi. Nilikuwa nimebeba shairi jipya la kumsifu, beti kumi na mbili, la mtu aliyesema hapana mbele ya watu mia tatu. Nilifikiri hilo ndilo shairi linalokosekana katika vitabu vyetu vyote. Washairi wetu wanampenda anayesonga mbele. Sijaona hata mmoja aliyemwimbia aliyerudi nyuma akiwa na haki.

Alisoma ubeti wa kwanza, akanirudishia.

"Usinifanye shujaa sasa, tafadhali. Niliogopa tu. Juzi nilikuwa kichekesho, leo niwe sanamu? Nikiwa sanamu watu watasema: aa, yule alikuwa mtu wa pekee, sisi tungejuaje? Hapana. Kila mtu aliyekuwa na pua alijua."

Meza yake imerudi, chaki bado ipo juu yake. Alinimiminia chai juu ya ramani ile.

"Jumatatu utasema?" akauliza.

"Watanifukuza."

"Ndiyo," akasema. "Sukari?"

Jumamosi, 9 Desemba

Nimemuuliza Mwalimu Ord: je, mashairi yote yale yalikuwa uongo? Aliwaza sana. Akasema, "Hapana. Tulikosea swali. Tulikuwa tukiuliza nani shujaa langoni. Hatukuuliza nani alimwacha pale."

Jumatatu, 11 Desemba

Kikao kilikuwa ukumbi wa juu wa baa, hakuna chumba kingine kikubwa. Wajane wanne mstari wa mbele. Mchunguzi wa vifo ni mzee wa miwani, alisema pole kwa kila jina.

Bwana Craster aliulizwa kama kuna onyo lolote lililomfikia. Alisema, "Mtu mmoja, aliyejulikana kwa woga." Mtu mmoja nyuma akacheka kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo kwa kofia.

Nikaitwa nieleze habari za uokoaji. Nilieleza. Walipotaka niketi, sikuketi.

"Bwana, nina jingine. Tarehe kumi Novemba nilimwambia meneja, ofisini, sisi wawili tu, kwamba maji ya Mashariki yananuka, yana kutu, na yanaongezeka."

Ukumbi ulivuma. Mchunguzi akagonga meza.

"Uliandika kwenye kitabu cha taarifa?"

"Hapana."

"Uliwaambia wenzako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejitayarishia jibu zuri. Lilikuwa na neno heshima ndani yake. Halikutoka.

"Kwa sababu siku hiyohiyo nilipewa kazi ya juu," nikasema. "Nami niliitaka."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Mchunguzi akamgeukia Bwana Craster, akamuuliza kama ni kweli. Nilimwona yule askari akipambana. Mkono wa vidole vitatu ulishika fimbo mpaka ukawa mweupe. Angeweza kukana. Tulikuwa wawili tu mle ofisini, na neno la meneja hushinda la karani.

"Ni kweli," akasema. "Alikuja."

Uamuzi: vifo vya ajali, baada ya onyo kutolewa na kupuuzwa. Maneno hayo sita ya mwisho baraza la wanakijiji walioteuliwa kuamua liliyabishania saa mbili. Yameandikwa.

Jumanne, 12 Desemba

Barua ya kampuni. Siku kumi na nne kuihama nyumba. Inasemekana Bwana Craster naye ameondolewa. Upande wa Mashariki umefungwa.

Dinah amefunga sahani kwa magazeti. Nilimuuliza kama ananichukia. "Niulize tukifika," akasema. Mdogo wake wa kiume ana nafasi ya kulima huko Weardale, anahitaji mikono.

Jumamosi, 16 Desemba

Jua, na barafu nyembamba juu ya ndoo. Tumepakia mkokoteni. Sep alikuja akichechemea kwa gongo, akabeba kiti kimoja, akakiweka juu, akaenda zake. Nitabaki na hilo.

Tulipokuwa tunaondoka Ellen Tully alitoka kwake. Dinah akasimamisha farasi. Ellen ni mdogo sana. Nguo nyeusi ameazima, mikono inamfika vidoleni.

"Wanasema unaandika," akaniambia.

"Ndiyo."

"Umemwandikia Robert shairi?"

Nilikuwa nimelianza. Nikamwambia hivyo.

"Usimwandikie. Mchungaji amesema alikuwa shujaa, gazeti limesema alikuwa shujaa. Alikuwa anaogopa maji tangu utotoni, hata mtoni hakuingia kupita magoti. Angejua asingeshuka. Angekaa nyumbani, wangemcheka, na mimi ningecheka nao, angekuwepo." Alivuta pumzi. "Liandike hilo. Bila vina."

Nilimwahidi. Mkokoteni umesimama hapa kilimani kupumzisha farasi, Dinah anamlisha, na mimi naandika juu ya goti.

Robert Tully, miaka ishirini na miwili. Aliogopa maji. Alishuka kwa sababu hakuna aliyemwambia. Aliniuliza kama kuna la kujua pale mahali, na mimi nilikuwa najua.